Kwa nini sifuri ya mbele hupotea kwenye faili yako ya malipo

Tuseme wewe ni mweka hazina wa chama na mmekubaliana kulipia watoto 30 karo kwa mpigo mmoja. Unaandika orodha kwa Excel: jina, nambari ya mwanafunzi, kiasi. Mtoto mmoja nambari yake ni 0417. Unaiandika vizuri, unabonyeza Enter, na kwenye kisanduku inabaki 417. Si wewe uliyekosea. Kompyuta imeamua yenyewe kwamba hiyo ni hesabu, na kwa hesabu sifuri ya mbele haina kazi. Sasa shida ni hii: pale shuleni 417 inaweza kuwa ya mtoto mwingine kabisa, na karo itaingia huko bila mtu kushtuka.

Ndani ya kompyuta, data ina aina. Kuna nambari, kitu cha kujumlisha na kutoa. Kuna maandishi, yaani herufi zilizofuatana, hata kama zote ni tarakimu. Kuna tarehe. Lakini data ikitoka programu moja kwenda nyingine, hubadilishwa kwanza kuwa mstari wa herufi, kisha upande wa pili huurudisha kuwa nambari, maandishi au tarehe. Watengenezaji programu huiita kazi hii serialaizesheni. Sifuri hupotea pale anayepokea anapokisia aina.

Faili ya CSV haisemi aina kabisa. Ni herufi na koma tu. Ukiibonyeza mara mbili, Excel inakisia. JSON, ambayo mifumo mingi hutumia kuongea yenyewe kwa yenyewe, ina nafuu: "0417" ikiwa ndani ya alama za kunukuu ni maandishi, na sifuri inabaki.

Nambari za simu ndizo huumiza zaidi. Ukianza na 254, nambari ina tarakimu 12, na Excel hufupisha ikizidi 11. Unaona kitu kama 2.54712E+11. Ukihifadhi CSV ikiwa hivyo, kinachohifadhiwa ni kile kifupi. Tarakimu sita za mwisho zimeenda, na hakuna fundi wa kuzirudisha kutoka kwa faili hiyo.

Basi jiulize: kuna siku nitajumlisha hii? Hakuna anayejumlisha nambari za simu, za kitambulisho au za akaunti. Hizo ni maandishi. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu nzima, nenda Format Cells, chagua Text. Ukifanya hivyo baadaye, sifuri iliyopotea hairudi yenyewe. Faili uliyotumiwa na mtu usiibonyeze mara mbili. Fungua Excel kwanza, ilete kupitia menyu ya Data, na uiambie safu hiyo ni Text.

Kiasi cha pesa ndicho nambari ya kweli, lakini kiandike 1500 tu, bila KSh na bila koma. Kwenye CSV koma ni mpaka wa safu. Mfumo ukisoma 1,500 unaweza kuona 1, halafu 500 kwenye safu nyingine, na mfanyakazi wako apokee shilingi moja.

Usijilaumu sana, hata wanasayansi yamewapata. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilikuwa imebadilisha majina kadhaa, kama MARCH1 kuwa MARCHF1, kwa sababu Excel iliyageuza kuwa tarehe.

Kabla ya kupakia faili, ifungue kwa Notepad, si Excel. Notepad haikisii, inaonyesha kilichoandikwa. Tafuta mstari wa yule mtoto. Ukiona 417, usipakie. Rudi kwa orodha ya shule, ile ya karatasi, uanze safu hiyo upya.