Salfa, Ulainishaji na Uchakavu wa Injini: Haja ya Kutenganisha Dhana

Makala haya yanafafanua uhusiano wa salfa na uchakavu wa injini za dizeli. Suala hili linaigusa Masoro, Kigali, ambako malori yanayohudumia Eneo Maalumu la Kiuchumi hutegemea dizeli iliyopitia bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka 2015, Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kikomo cha sehemu 50 za salfa katika sehemu milioni moja za dizeli. Mara nyingi hudaiwa kwamba salfa ndiyo iliyokuwa ikilainisha pampu, na kwamba kuipunguza ni kuiua injini. Je, dai hilo ni sahihi?

Kiwandani, salfa huondolewa kwa haidrojeni chini ya joto na shinikizo kubwa. Hatua hiyo huondoa pia kampaundi zenye oksijeni na nitrojeni, ambazo hushika uso wa chuma na kuufunika kwa utando mwembamba. Pampu nyingi za dizeli hulainishwa na dizeli yenyewe. Utando ukikosekana, vyuma husagana. Kwa hiyo, salfa huondoka pamoja na vilainishi, lakini yenyewe si kilainishi kikuu. Sweden ilikumbana na hali hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990: dizeli safi ilipoingia sokoni pampu ziliharibika, na tiba ikawa kutia kilainishi katika dizeli, si kurudisha salfa.

Ulainishaji una kipimo chake. Kitufe cha chuma husuguliwa juu ya kisahani ndani ya dizeli kwa dakika 75, kisha alama ya msuguano hupimwa. Kiwango cha Ulaya, EN 590, hakiruhusu alama izidi mikromita 460.

Kwa upande wa pili, salfa nyingi ikiungua huzalisha asidi inayokula silinda na ringi za pistoni, na kuchosha oili mapema.

Basi neno "uchakavu" linabeba mambo mawili: uchakavu wa msuguano, unaoanzia kwenye pampu, na uchakavu wa ulikaji, unaotokea ndani ya silinda. Waraka wa sera usioyatenganisha unaweza kuhalalisha dizeli chafu kwa hoja ya kulinda injini. Aidha, cheti cha salfa pekee hakitoshi: dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa yenye salfa ndogo inaweza kufaulu kipimo hicho huku ikisaga pampu. Tunapendekeza vipimo vyote viwili vitajwe bayana, kwa istilahi mbili tofauti, katika nyaraka za Kiswahili za Jumuiya.