Nusu ya Tiba ya Saratani Iko Maabara

Mgonjwa wa saratani ya damu anayetibiwa kwa dawa za kemikali hupitia siku kadhaa ambazo mwili wake hauna mlinzi. Dawa hizo hazibagui. Hugonga kila seli inayozaliana kwa kasi, na uboho unaotengeneza chembe nyeupe za damu haupati msamaha. Mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, neutrofili, yaani zile chembe nyeupe zinazomeza bakteria, hushuka hata chini ya 500 katika mikrolita moja ya damu, ilhali mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na zaidi ya 1,500. Wakati huohuo utando wa mdomo na wa utumbo huchubuka, na bakteria waliokuwa wakiishi tumboni bila kumsumbua mtu hupata upenyo wa kuingia kwenye damu. Mwaka 1966 Gerald Bodey na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba kadiri chembe hizo zinavyopungua, na kadiri upungufu unavyodumu, ndivyo maambukizi yanavyoongezeka. Ndiyo maana homa ya nyuzi 38.3 kwa mgonjwa wa namna hii huhesabiwa kuwa dharura: antibayotiki huanzishwa ndani ya saa moja, kabla hajajulikana mdudu aliyeingia.

Kanuni hiyo imeokoa wengi, lakini ina sharti lisilosemwa sana: dawa itakayodungwa iwe bado inafanya kazi. Katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, jijini Kampala, watafiti waliootesha damu ya wagonjwa wenye saratani za damu waliokuwa na homa walikuta kwamba bakteria wa jamii ya matumboni, kama E. coli na Klebsiella, walikuwa na nafasi kubwa, na wengi wao walikuwa sugu kwa dawa zaidi ya moja. Bakteria hawa hutengeneza vimeng'enya vinavyoivunja seftriaksoni, sindano inayotegemewa katika wodi nyingi za Afrika Mashariki, na vinasaba vya ujuzi huo huweza kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa aina tofauti. Tofauti inayoletwa na usugu huo ilionekana Muhimbili, Dar es Salaam, katika utafiti wa watoto uliochapishwa mwaka 2005. Watoto wale hawakuchaguliwa kwa sababu ya saratani. Walikuwa na maambukizi ya bakteria katika damu. Waliopatwa na bakteria wenye vimeng'enya hivyo walifariki asilimia 71. Waliopatwa na wasio navyo, asilimia 39. Sioni sababu ya kutarajia mtu asiye na chembe nyeupe afanye vizuri zaidi.

Kwa hiyo nasema hospitali inayotoa dawa za saratani bila kuwa na maabara inayootesha damu inatoa nusu ya tiba.

Daktari wa wodini atanijibu kwamba majibu ya maabara huchukua siku mbili au tatu, na mgonjwa wake hawezi kungoja. Ni kweli, wala hakuna anayemtaka angoje. Damu huchukuliwa kwanza, sindano hufuata papo hapo, na majibu hutumika siku ya tatu, pale anapolazimika kuamua kama abadilishe dawa, apunguze makali yake au aisimamishe. Uamuzi wa kusimamisha una uzito wake. Utafiti wa hospitali 6 za Uhispania uliochapishwa mwaka 2017 uliwahusu wagonjwa wa saratani za damu ambao vipimo havikuonyesha chanzo cha homa. Walioachishwa antibayotiki baada ya kukaa saa 72 bila homa na wakiwa na hali nzuri, hata chembe zao zikiwa bado chini, hawakupata madhara zaidi ya walioendelezwa hadi chembe zirudi. Lakini nani atathubutu kusimamisha dawa kama damu haikuoteshwa kabisa?

Wapo wanaoona njia fupi: kila mwenye homa apewe dawa kali kuliko zote, meropenemu, basi. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, au anayejulikana kubeba bakteria sugu, ni sawa. Ikifanywa desturi ya wodi nzima, inawapa nafasi bakteria wanaoivunja hata meropenemu. Kimeng'enya cha NDM kiliripotiwa mwaka 2009 kwa mgonjwa aliyerejea Sweden kutoka India, na sasa kimeenea katika mabara mengi. Nyuma ya meropenemu kuna kolistini, dawa kongwe inayoumiza figo, na wagonjwa wengi wa saratani figo zao tayari zimechoshwa na sisplatini. Hata seftazidimu-avibaktamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, haiwezi NDM ikiwa peke yake.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Uchunguzi uliofanyika katika nchi 14 za Afrika na kutangazwa mwaka 2022 ulikuta kwamba, kati ya maabara za tiba zipatazo 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikipima bakteria. Kuotesha damu kunahitaji umeme usiokatika, chupa maalumu, vitendanishi na mtaalamu anayelipwa. Mashine ya msaada isiyo na vitendanishi ni fanicha. Lakini siku kumi za dawa isiyomgusa mdudu nazo hulipiwa, pamoja na kitanda, na dozi inayofuata ya saratani huahirishwa. Ambapo familia ndiyo inayotakiwa kulipia chupa, daktari huona haya kuagiza kipimo, hivyo gharama hii ingepaswa kuingizwa ndani ya gharama ya tiba ya saratani yenyewe, kama zilivyo dripu na kanula. Kanula zenyewe nazo ni mlango wa bakteria zisipotunzwa, na mikono isiyooshwa huwasafirisha kutoka kitanda hadi kitanda, jambo ambalo maabara huligundua mapema pale bakteria wenye usugu unaofanana wanapojitokeza kwa wagonjwa kadhaa wa wodi moja.

Majibu ya mgonjwa mmoja humfaa na wa baadaye. Yakikusanywa mwaka mzima, hospitali hupata jedwali lake yenyewe linaloonyesha ni dawa ipi bado inawaua bakteria wa wodi ile, na daktari wa zamu anayepokea mwenye homa saa nane usiku huchagua sindano ya kwanza kwa kulitazama.