Maji ya shawa hayapati moto? Angalia haya kabla ya kumwita fundi

Baridi ya Julai ikishika Nairobi, Limuru au Nyahururu, shawa ya stima ndiyo huanza kulalamikiwa kwenye nyumba za kupanga. Jana ilikuwa moto, leo inamwaga maji baridi kama ya barafu. Fundi anaitwa, anafungua kichwa cha shawa, anasema koili imeungua, na pesa zinatoka.

Si kila mara koili ndiyo mbaya. Wakati mwingine shida ni presha ya maji, wakati mwingine ni stima kuwa kidogo. Na kuna makosa machache ambayo si ya kungoja hata siku moja, kwa sababu yanaweza kumuua mtu akiwa bafuni.

Inafanya kazi vipi?

Shawa hizi, ambazo wengi huziita tu "instanti", hazina tangi la kuweka maji moto. Ndani ya kichwa kuna koili, na kwenye aina nyingi koili hiyo inakaa ndani ya maji yenyewe.

Ukifungua koki, presha ya maji inasukuma kiwambo cha mpira. Kiwambo kinagusanisha vyuma vya stima, koili inapata moto, na maji yanachemshwa yakiwa yanapita. Ukifunga koki, presha inaisha na stima inakatika.

Kwa hivyo shawa inahitaji vitu vitatu: maji yenye presha, stima ya kutosha na koili nzima. Kimoja kikikosekana, unaoga baridi.

1. Taa ya swichi haiwaki

Swichi nyingi za shawa zina taa ndogo nyekundu. Kama haiwaki na stima iko nyumbani, enda kwenye boksi la breka. Kama breka ya shawa imeanguka, irudishe mara moja tu.

Ikianguka tena, iache hapo. Breka haianguki bure: kuna waya zimegusana, maji yameingia mahali, au stima inavuja. Kuilazimisha, au kuweka breka kubwa zaidi "ili isisumbue", ni kuondoa mlinzi mlangoni.

2. Taa inawaka, lakini maji ni baridi kabisa

Anza na vitu rahisi. Angalia kama kile kitufe cha kuchagua joto hakijasogezwa upande wa baridi. Kisha fungua koki yote. Presha ikiwa ndogo, kiwambo hakisukumwi na koili haiwaki kabisa.

Hii huwapata sana wanaokaa ghorofa ya juu, karibu na tangi. Shawa nyingi hutaka maji yatoke angalau mita 1 juu yake. Tangi likiwa chini ya hapo, hata shawa mpya itasumbua. Dawa ni kuinua tangi au kuweka pampu ndogo, na hiyo ni kazi ya mwenye nyumba.

Matundu yaliyoziba pia hupunguza maji. Zima swichi na breka, fungua kile kisahani cha matundu, kisugue kwa mswaki wa zamani, kisha kirudishe.

Sasa jaribu hivi. Mtu mmoja afungue shawa, mwingine aangalie mita ya stima. Ile taa ndogo inayopepesa kwenye mita inafaa kuongeza kasi mara moja, kwa sababu shawa inakula stima nyingi. Kama maji yanatoka kwa nguvu na taa haibadiliki, basi stima haifiki kwenye koili, au koili imekatika. Hapo ndipo fundi anahitajika.

3. Maji ni vuguvugu tu

Hapa wengi hubadilisha koili bure. Shawa ya wati 5,500 ina nguvu hiyo tu, haiongezeki. Maji yakipita lita 5 kwa dakika, inaweza kuyapandisha joto kwa nyuzi 16 hivi. Yakipita lita 3 kwa dakika, yanapanda nyuzi 26.

Tuseme maji ya tangi asubuhi ni nyuzi 17. Kwa lita 5 utapata nyuzi 33, ambayo mwili unahisi kama baridi. Kwa lita 3 utapata 43, na hayo ni maji moto kweli. Kupima, tumia ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa dakika 4, hizo ni lita 5 kwa dakika. Punguza koki kidogo kidogo, ila si hadi shawa izime.

Sababu ya pili ni volti. Stima ya Kenya ni volti 240, lakini jioni watu wakipika na kuoga pamoja, mtaani inaweza kushuka. Ikifika 200, shawa inapoteza karibu theluthi moja ya nguvu yake. Kama saa tano asubuhi inachoma na saa mbili usiku ni vuguvugu, kifaa chako kiko sawa.

4. Koili inaungua kila mara

Adui mkubwa wa koili ni hewa. Maji ya mgao yakirudi, bomba hujaa hewa, na koili ikiwaka bila maji inakatika kwa sekunde chache. Maji yakirudi, au koili mpya ikiwekwa, acha yatiririke swichi ikiwa imezimwa hadi yatoke bila kukatika. Ndipo uwashe.

Kama nyumba yenu inatumia maji ya kisima yenye chumvi, nunua shawa iliyotengenezwa kwa maji hayo, ambayo koili yake imefunikwa. Ya kawaida italiwa haraka. Tena maji ya chumvi hupitisha stima vizuri zaidi kuliko maji matamu, na hiyo si habari njema kwa anayeoga.

Zima sasa hivi ukiona haya

- Unahisi stima ikikutetemesha ukigusa mfereji, bomba au maji, hata kama ni kidogo.
- Harufu ya plastiki kuungua, au swichi inapata moto.
- Waya wa ethi, ule wa kijani au kijani na manjano, umekatwa au unaning'inia.
- Shawa imechomekwa kwenye soketi ya kawaida. Shawa ya wati 5,500 inavuta ampia 23 hivi, na plagi ya kawaida ina fyuzi ya 13.

Kwa yote haya, zima breka na uoge kwa ndoo hadi irekebishwe. Kuvaa slipa bafuni si kinga. Kinga ni waya mnene unaofaa, ethi inayofika ardhini kweli, na breka ya kukata stima inayovuja, ile ya miliampia 30. Mwulize mwenye nyumba kama hivyo vipo, na fundi anayetumwa aonyeshe leseni yake ya EPRA.

Na ukimkuta mtu amenaswa na stima bafuni, usimguse na usikanyage maji hayo. Kimbia uzime swichi kubwa ya nyumba kwanza, ndipo umfikie na kuita msaada.