Mama na mtoto hawaingii Uingereza kwa mlango mmoja

Tangu kazi inilete Kisumu kutoka Mombasa, nimeona kwamba maswali ya watu wa bahari na ya watu wa ziwa hayana tofauti kubwa. Kwetu Pwani tumezoea kusikia fulani ameolewa na mtu wa Uingereza. Huku nako, kuanzia Kendu Bay hadi Port Victoria, wapo mabinti wenye waume wa pasipoti ya Uingereza, mtoto mchanga mgongoni, wanasubiri kuitwa. Wakili yuko mbali na bei yake iko juu. Aliye karibu ni ajenti, ambaye anajua kila kitu mpaka umalize kumlipa.

Juzi huko Port Victoria bibi mmoja aliniuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya. "Mwalimu," akasema, "mjukuu wangu amepata pasipoti ya Uingereza. Mama yake ameambiwa hajatimiza masharti. Mtoto anakuwaje wao, na aliyemzaa asiwe?"

Nina diploma ya ualimu, si ya sheria, lakini nimekaa na familia kadhaa tukizisoma kanuni hizi mstari kwa mstari. Jibu nililompa bibi ni hili: mtoto anadai haki, mama anaomba ruhusa. Ni milango miwili, kila mmoja na funguo zake. Familia isiyolijua hilo mapema huweza kujikuta mtoto ana njia ya kusafiri na mama hana.

Mtoto: swali ni uraia wa mzazi

Sheria ya Uraia ya Uingereza ya 1981, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1983, inasema kwamba mtoto aliyezaliwa nje ni raia tangu siku ya kuzaliwa ikiwa mzazi wake mmoja, baba au mama, ni raia ambaye uraia wake si wa kurithi. Yaani mzazi huyo alizaliwa Uingereza kwenyewe akiwa raia, au alihamia huko, akaomba uraia, akapewa. Mtoto wa mtu kama huyo, hata akizaliwa Port Victoria, haombi viza. Anaombewa pasipoti.

Sasa angalia hapa, maana ndipo familia nyingi za Pwani hukwama. Ikiwa baba mwenyewe alizaliwa Mombasa au Kisumu, akawa Mwingereza kwa sababu tu mzazi wake alikuwa Mwingereza, uraia wake ni wa kurithi. Kwa kawaida hawezi kumrithisha mtoto anayezaliwa nje. Mtoto huyo huenda akaandikishwa kuwa raia kabla ya kufika miaka 18, kwa mfano ikiwa baba aliwahi kuishi Uingereza miaka mitatu mfululizo kabla ya mtoto kuzaliwa, lakini hilo ni ombi lenye masharti mengine, ada na kusubiri.

Ipo hali ya tatu. Baba ana kibali cha kuishi Uingereza daima, lakini hajachukua uraia. Mtoto wake akizaliwa huku si Mwingereza, na yeye na mama yake wote wataomba viza. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usimuulize mkwe wako kama ana pasipoti. Muulize aliupataje uraia wake.

Wengine huogopa kwamba mtoto akichukua uraia wa huko atapoteza wa hapa. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 14, inamfanya mtoto wa Mkenya kuwa raia kwa kuzaliwa popote alipozaliwa, na ibara ya 16 inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Anaweza kuwa na zote mbili.

Makaratasi ya huku ndiyo msingi

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Uzazi nao unatakiwa kuandikishwa ndani ya miezi sita. Ukipita hapo unaingia katika usajili wa kuchelewa, wenye maswali na ushahidi zaidi, na maafisa wa Uingereza nao hukitazama kwa jicho la pili cheti kilichotolewa miaka mingi baada ya mtoto kuzaliwa.

Jina la baba liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo katika pasipoti yake. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni mtu mmoja msikitini, lakini ofisini ni watu watatu.

Wazazi ambao hawajaoana wasidhani mtoto hana haki. Hapa Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba kifungu kilichozuia jina la baba kuandikwa kwa sababu tu hajamuoa mama kilikwenda kinyume cha Katiba. Kwa upande wa Uingereza, mtoto aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Julai 2006 anaweza kupata uraia kupitia baba asiyemuoa mama, mradi ubaba uthibitishwe. Lakini kama mama alikuwa bado ni mke wa mtu mwingine siku mtoto alipozaliwa, sheria yao ya uraia humhesabu mume huyo kuwa ndiye baba. Hapo kazi inakuwa ndefu sana.

Hilo linanileta kwenye ndoa na talaka zetu. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu sawa na nyingine, na Uingereza huikubali ndoa iliyofungwa kihalali hapa. Ushahidi wake ni cheti kilichosajiliwa. Picha za harusi na maneno ya mashahidi havitoshi. Na anayesema "tutafunga nikah London, yatosha" ajue kwamba mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya huko ilishikilia kwamba nikah peke yake, bila kufuata utaratibu wa ndoa wa nchi, haizai ndoa kisheria.

Mwanamke aliyeachika kabla ya ndoa hii atafute cheti cha talaka kwa kadhi. Talaka ya mdomo iliyotolewa miaka kumi iliyopita, ambayo kijiji kizima kinaijua, haijulikani kwa afisa anayesoma faili. Na kwa wanaofikiria uke wenza: Uingereza haimpi viza mke wa pili ikiwa mke mwingine amekwisha kuingia huko kama mke wa mume huyo huyo. Mwanamume ambaye maskani yake kisheria ni Uingereza, ndoa yake ya pili haitambuliwi huko kabisa, hata ikifungwa hapa mbele ya kadhi.

Mama: swali ni kipato cha mume

Mlango wa mama ndio mzito. Tangu Julai 2012 Uingereza iliweka kipato cha chini kwa anayemleta mwenzi wake kutoka nje. Kilikuwa paundi 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kikapandishwa hadi paundi 29,000. Mkwe wa yule bibi hufanya kazi ya ghala na hupata paundi 26,000. Kwa hesabu ya Port Victoria hizo ni zaidi ya shilingi milioni nne kwa mwaka, na ndiyo maana familia haikuelewa amekosa nini. Ukweli ni kwamba huko mtu wa kima cha chini cha mshahara hafikii 29,000 hata akifanya kazi saa 40 kwa wiki mwaka mzima.

Mshahara wa mama anaoupata Kenya hauhesabiwi, hata akiwa meneja wa benki. Akiba huhesabiwa, lakini kwa kanuni ngumu: anayetegemea akiba pekee anatakiwa awe na paundi 88,500, zilizokaa katika akaunti miezi sita. Mume anayepokea baadhi ya posho za ulemavu au za kumhudumia mgonjwa hapimwi kwa kiwango hiki, bali huangaliwa kama familia inaweza kujitunza bila msaada zaidi. Na mume anayeishi hapa na mkewe, akitaka warudi pamoja, huonyesha kipato chake cha huku pamoja na kazi inayomsubiri huko ndani ya miezi mitatu.

Baada ya kipato yapo haya: mtihani wa Kiingereza wa kuzungumza na kusikiliza wa ngazi ya A1, ambayo ndiyo ya chini kabisa, kwa kituo kinachokubaliwa, kipimo cha kifua kikuu, ambacho hapa hufanywa na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, Nairobi, na ushahidi wa nyumba ya kukaa. Alama za vidole nazo hutolewa Nairobi. Kwa mtu wa Port Victoria hiyo ni safari ya siku nzima barabarani, na mtoto ananyonya, basi panga tarehe za kipimo na za vidole zikaribiane.

Gharama je? Kuanzia Aprili 2025 ada ya ombi la mwenzi aliye nje ilikuwa paundi 1,938. Juu yake kuna tozo ya afya ya paundi 1,035 kwa mwaka, ambayo kwa viza ya miezi 33 ni paundi 3,105. Jumla ni paundi 5,043, zaidi ya shilingi laki nane kabla ya kununua tiketi. Ada hizi hubadilika karibu kila mwaka, kwa hiyo soma tovuti ya serikali yao, gov.uk, siku ile ile unayolipa.

Kesi iliyopitia Nairobi

Je, kipato kikipungua ndiyo mwisho? Hapana, na jambo hili maajenti hawalisemi. Tarehe 22 Februari 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu katika kesi kadhaa zilizounganishwa. Mmoja wa waliokata rufaa alikuwa mwanamke wa Kongo, anayetajwa mahakamani kwa herufi SS, na aliyekuwa akimshitaki ni afisa wa viza wa Nairobi. Mumewe alikuwa Mwingereza, na kipato chake hakikutosha.

Mahakama ilisema kuweka kipato cha chini si kosa kisheria. Lakini ilisema kanuni zilivyoandikwa hazikuupa ustawi wa mtoto uzito unaotakiwa, na kwamba vyanzo vingine vya fedha visifungiwe mlango katika kesi ambazo kukataa kungevunja haki ya familia. Agosti mwaka huo kanuni zikarekebishwa. Sasa afisa anatakiwa kuangalia kama kumkataa mama kutaleta madhara makubwa yasiyostahili kwa familia, hasa kwa mtoto, na anaweza kupokea ushahidi mwingine, kwa mfano msaada wa uhakika wa ndugu.

Njia hiyo si nyepesi, na anayepita hapo huchukua miaka 10 kufikia ukaaji wa kudumu badala ya mitano. Lakini ipo, na mtoto mwenye pasipoti ya Uingereza anayemhitaji mama yake ni hoja inayopaswa kuandikwa wazi katika ombi, pamoja na cheti chake na kadi ya kliniki. Afisa hatakuandikia.

Mtoto asitangulizwe

Yule bibi aliniambia pia kwamba mume ameshauri mtoto apelekwe kwanza, mama afuate. Huo ni ushauri nisioukubali. Katiba yetu, ibara ya 53, inampa mtoto haki ya malezi ya wazazi wote wawili, wameoana au la. Mtoto wa miezi saba akiondoka, mama abaki akisubiri uamuzi usio na tarehe, wanaotengana ni mnyonyeshaji na anayenyonya. Na ombi lenyewe linadhoofika, maana afisa atauliza: kama mtoto anaishi salama huko bila mama, madhara yako wapi?

Usikubali pia ule ushauri wa "chukua viza ya matembezi, ukifika utabadilisha". Aliyeingia kama mgeni hawezi kubadilisha kuwa mke akiwa ndani. Ataambiwa arudi aombe kutoka nje, na akiwa amesema uongo kuhusu nia yake, huenda akafungiwa kwa miaka.

Nilimshauri bibi hivi: pasipoti ya mtoto itunzwe, mtoto abaki na mama, mume atafute saa za ziada au kazi nyingine inayofikisha 29,000, na wakati huo binti afanye mtihani wa Kiingereza. Kama kipato kitakataa, waombe kwa hoja ya mtoto, wakisaidiwa na mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa Uingereza. Bibi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamtuma binti yake akatafute kadi ya kliniki.