Ukikwama, omba herufi moja



Ukipita Kisongo asubuhi, kando ya barabara kuu ya Arusha kwenda Dodoma, hutakosa kijiwe cha kahawa ambako gazeti moja linasomwa na watu watano. Mmoja ameshika ukurasa wa michezo, mwingine wa siasa, na kijana mmoja ameinamia fumbo la maneno, ile chemsha bongo yenye visanduku. Amekwama. Kidokezo kinasema: ng'ombe jike ambaye hajazaa, herufi sita. Kijana ana cheti cha chuo, lakini hajawahi kuchunga. Pembeni yake amekaa mzee mwenye fimbo, mfugaji wa miaka mingi. Akisema, "Shikamoo mzee, naomba unisaidie, ng'ombe asiyezaa bado anaitwaje?" atajibiwa kahawa ikiwa bado ya moto: "Marahaba mwanangu. Huyo ni mtamba." Asipouliza, visanduku vitabaki vitupu mpaka jioni.

Jumapili hii naomba tujiulize: kwa nini kufungua kinywa na kusema "nimekwama" ni kazi ngumu hivi?

Wazee wetu walitufundisha namna ya kukwama kwa heshima. Mtu akisema "Kitendawili!" tunaitikia "Tega!" Tukishindwa, anadai mji. Tunampa Moshi, anaukataa. Tunampa Tanga, anaukubali, anasimulia kidogo safari yake ya huko, kisha anatoa jibu. Aliyeshindwa hafukuzwi barazani. Anatoa mji, anapata maarifa, na kesho yake yeye ndiye anayewatega wenzake.

Hata fumbo la gazetini lilizaliwa likiwa na msaada ndani yake. Lile la kwanza la aina hii lilitoka Jumapili, tarehe 21 Desemba 1913, katika gazeti la New York World la Marekani. Mtunzi wake, Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, alilichora kwa umbo la almasi. Kabla hajamwachia msomaji kazi, alijaza neno moja yeye mwenyewe, neno fupi la herufi tatu. Msomaji hakuanza na ukurasa mtupu. Alianza na herufi alizopewa. Mkristo anayeifahamu neema ataelewa haraka. Hakuna aliyeanza safari ya imani kwa akili zake mwenyewe. Kuna bibi aliyetuombea, kuna mwalimu wa Sunday School aliyetuvumilia, na kabla yao wote kuna Mungu aliyetupenda kwanza.

Tazama tena vile visanduku. Maneno mengine yanakwenda kulia, mengine yanashuka chini, na yanapokutana yanatumia herufi moja. Herufi ya neno lako ni herufi ya neno la jirani. Ukibahatisha jibu na kuliandika kwa wino kwa sababu unaona haya kuuliza, kosa halibaki kwako. Linaharibu kila neno linalopita hapo.

Ndivyo zilivyo nyumba zetu. Yuko mama ambaye Jumapili hii ameketi kanisani amevaa kitenge safi na anaimba vizuri, lakini moyoni anahesabu siku. Alichukua mkopo ule tunaouita kausha damu ili alipe ada ya mtoto. Riba ikamzidi, akachukua mkopo wa pili kulipa wa kwanza, na mumewe hajui. Yuko baba aliyeachishwa kazi ambaye bado anatoka nyumbani kila asubuhi kama mtu anayewahi ofisini. Wote wawili wanajaza visanduku kwa wino, peke yao, gizani. Siku wadai watakapokuja kubeba televisheni na makochi, watoto nao watalipa kwa neno ambalo hawakuliandika.

Biblia inatupa mfano wa mtu mkubwa asiyeona haya. Katika Matendo ya Mitume 8:26-40 tunakutana na towashi wa Kushi, mtunza hazina wa malkia Kandake. Ana cheo, ana gari, ana kitabu cha nabii Isaya mkononi, na anajua kusoma. Filipo anapomwuliza kama anaelewa, yeye hajitetei kwa cheo chake. Anakiri kwamba hawezi bila mtu wa kumwongoza, kisha anamkaribisha apande aketi naye. Siku hiyo hiyo alibatizwa, akaendelea na safari yake akifurahi. Furaha ile ilianzia kwenye kukiri kwamba hajui.

Mwangalie na Filipo. Hakumcheka, wala hakumtupia jibu kutoka kando ya barabara. Alipanda, akaketi, akaanza na andiko lile lile lililomtatiza mwenzake. Siku hizi simu inaweza kukupa jibu la fumbo lote kwa dakika moja, lakini haiwezi kuketi nawe. Msaidizi mwema hukupa herufi moja, akangoja uone neno lenyewe. Aliyeketi na mama yule, akaandika naye kwenye daftari deni lote, akamsindikiza kwenda kuzungumza na mumewe, amempa herufi ya kuanzia. Aliyekwenda kulitangaza deni hilo kwenye kikundi cha WhatsApp cha kwaya amemfungia mlango wa kuomba msaada tena. Viongozi wa jumuiya na wazee wa kanisa, hapa pana jukumu letu zito: watu watauliza pale tu wanapojua kwamba siri zao zina mahali pa kulala.

Wengi wakisikia Kisongo wanafikiria gereza kwanza. Basi wakumbuke Yusufu. Fumbo la Farao liliwashinda waganga na wenye hekima wote wa Misri, na aliyelitegua alitolewa gerezani (Mwanzo 41). Mnyweshaji alikuwa amemsahau kwa miaka miwili mizima, na jibu la nchi nzima lilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa. Huenda herufi unayoitafuta anayo mtu usiyemhesabu: mfungwa aliyemaliza kifungo akarudi kijijini, binti wa kazi, au mzee mwenye fimbo ambaye hajui kusoma hilo gazeti.

Mtume Paulo anatukumbusha katika 1 Wakorintho 13:12 kwamba kwa sasa tunaona kwa namna ya fumbo na tunajua kwa sehemu. Kama kila mmoja ana sehemu, basi sehemu ninayokosa anayo mwingine, na yangu inangojwa mahali fulani. Ndiyo maana Wagalatia 6:2 inatuagiza kubebeana mizigo.

Wiki hii, mpendwa, mtafute mtu mmoja mwaminifu umwambie kisanduku kimoja tu kilichokushinda. Usingoje mpaka ukurasa wote uharibike. Na akija mwingine kwako, sogea kwenye benchi umpishe akae.

Mungu akubariki. Jumapili njema.