Mipaka yetu siyo dhambi zetu



Mwezi huu tunataka kuongea juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi za kambi. Katika maisha ya ukimbizi tumechanganya vitu viwili. Tunaona haya kwa mambo ambayo siyo kosa letu, halafu yale ambayo ni kosa letu tunayatafutia sababu.

Tuchukue baba wa nyumba. Kule kwao alikuwa na ng'ombe ao shamba, watoto wakitoka shule wanakuta bugali. Akavuka mpaka, akapokelewa Nyagatare (tunasema ya hapa Rusizi, siyo ile ya Mashariki), akapewa blanketi na sufuria. Tangu siku ile chakula cha watoto hakitoki tena mkononi mwake. Mwezi wa 3 mwaka 2021, kwa kukosa pesa, PAM ilipunguza msaada wa chakula kwa wakimbizi walio Rwanda kwa asilimia 60. Mwezi wa 5 ikaanza kupanga familia kwa makundi kufuatana na uhitaji, na wengine wakatoka kabisa kwenye orodha. Baba huyo hakupunguza kitu. Lakini jioni aliinamisha kichwa nyumbani kwake kama mwizi.

Hicho ni kikomo. Mungu hamudai mtu kitu ambacho hakumupa.

Lakini baba huyohuyo, haya ikimuzidi, anaenda kunywa, anarudi usiku na kumupiga mama watoto. Ukimuuliza anasema, "Ni maisha ya kambi, mimi niko hivi." Hapana, baba. Hapo siyo kikomo tena. Na mama naye anayemutukana mume wake mbele ya watoto kwa sababu ya unga uliokwisha, tunajua njaa inauma, lakini maneno yale hayakuletwa na PAM.

Biblia inatuonyesha tofauti hii kwa mtu mumoja, Musa. Alipomuambia Mungu kwamba mdomo wake ni mzito, hakupewa ulimi mpya. Alipewa Haruni aseme kwa niaba yake. Alipochoka kuamua kesi za watu tangu asubuhi mpaka jioni, mkwe wake Yetro alimushauri agawe kazi, naye akakubali. Lakini alipoupiga mwamba kwa hasira (someni Hesabu 20), uchovu wake haukuhesabiwa kuwa sababu. Mdomo mzito ulipewa musaidizi, hasira ikapewa hukumu.

Tuko pia na mfano wa mtu aliyekuwa mkimbizi kama sisi, tena aliyeingia Rwanda kwa miguu. Tarehe 16 mwezi wa 2 mwaka 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Uganda chini ya utawala wa Idi Amin. Rafiki yake, Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, naye alikuwa anatafutwa. Yeye na mke wake Mera wakapita milimani usiku mpaka wakafika Rwanda. Festo alikuwa mutu wa Balokole, uamsho ule uliopata nguvu kule Gahini katika miaka ya 1930, ambapo watu walizoea kusema dhambi zao waziwazi.

Angalieni sasa. Askofu mzima, na hakuweza kumurudisha Luwum, hakuweza kumuondoa Amin, hakuweza hata kulala nyumbani kwake. Juu ya hayo hakuwa na kitu cha kutubu. Lakini ndani yake kulikuwa na kitu kingine: uchungu juu ya Amin, unakua kila siku, unakausha maombi yake. Siku ya Ijumaa Kuu mwaka uleule, akiwa kanisani London, alielewa kwamba lazima amusamehe. Kitabu alichotoa mwaka 1977 kilikuwa na jina lililowashangaza watu wengi: I Love Idi Amin, maana yake Nampenda Idi Amin. Kusamehe hakukumufanya aseme kwamba mauaji yalikuwa mazuri; aliendelea kuyakemea, na kuwasaidia wanafunzi wa Uganda waliokuwa uhamishoni wapate masomo. Amin aliangushwa mwaka 1979, Festo akarudi kwao, akatumika mpaka alipofariki mwaka 1988.

Hapa tunaomba wahubiri wetu wapendwa wasitukasirikie. Mama amefunga na kuomba miaka mingi apelekwe Marekani, jirani anaitwa, yeye haitwi. Halafu anasikia kanisani eti mwenye imani hakosi. Anarudi nyumbani akitafuta dhambi ambayo haiko. Kupata nchi ya tatu siyo kipimo cha haki ya mtu, na ugonjwa pia siyo.

Kwa hiyo baba anaweza kuwaambia watoto, "Leo hakuna, tungojee kesho," kisha akae nao, asitoke. Kama mkono wake ulimupiga mama, aende kwa mama kwanza, aombe msamaha pale watoto waliposikia kelele, kisha kwa mchungaji ao wazee, wamufuate kwa karibu. Na mama anayepigwa asingojee mpaka siku hiyo ifike. Kwenda kwa viongozi wa kambi ao zahanati siyo kukosa imani.