Ruzuku ya Mbolea Haizuii Ukame



Sisi mapadre tunaozungukia vigango vya wakulima twaona jambo moja likijirudia. Mvua ikikatika wakati mahindi yanatoa mbelewele, familia hubaki na deni la pembejeo, na mara nyingine shamba lenyewe huuzwa. Mtu aliyelima kwa bidii hugeuka kibarua katika ardhi ya wazazi wake. Ni vema basi tueleze msaada wa Serikali unamkinga mkulima dhidi ya nini, na haumkingi dhidi ya nini.

Hatari ya kwanza ni gharama. Mwezi Agosti 2022, baada ya bei ya mbolea kupanda duniani, Serikali ya Tanzania ilizindua mpango wa ruzuku. Mkulima hujiandikisha kijijini, hupewa namba, na kwa namba hiyo hununua kwa wakala aliyeidhinishwa. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, ambao bei yake ilikuwa imepita shilingi 130,000, ulishuka hadi 70,000. Huu ni msaada wa kweli, nasi tunaushukuru. Kwa sababu hiyohiyo, anayeandikisha ekari asizo nazo, au anayeuza namba yake, anavunja amri ya saba: anamwibia jirani yake mhitaji.

Hatari ya pili ni hali ya hewa. Hapa ruzuku haina uwezo. Mbolea ya bei nafuu katika shamba lililokauka bado ni hasara, kwani mkulima amekwisha kulipia mbegu, kulima na palizi. Kinga yake ni bima ya mazao. Baadhi ya bima hukagua shamba la mwenye bima. Nyingine hufuata kipimo cha mvua cha eneo zima. Katika aina hii ya pili, fidia hutolewa mvua iliyopimwa ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa. Malipo yaweza kuja upesi, lakini shamba lako laweza kukauka huku kipimo cha eneo kikionesha mvua ya kutosha, nawe usilipwe. Kabla ya kutia sahihi, tuulize: ni hatari zipi zinazofidiwa? Kinapimwa nini, wapi, na kwa tarehe zipi?

Hatari ya tatu ni soko. Mwenye shida huuza mazao yangali mabichi shambani, kwa bei ya mnunuzi. Mfumo wa stakabadhi ghalani, unaotumika katika korosho tangu msimu wa 2007/2008, humwezesha mkulima kukusanya mazao kupitia chama cha msingi na kuyauza kwa mnada. Mfumo huu hudai uaminifu: mizani sahihi, makato yanayoelezwa wazi na malipo yasiyocheleweshwa. Mkulima anayesubiri fedha zake kwa miezi, huku karo ikidaiwa, hukimbilia tena kwa mlanguzi.

Mambo haya si mageni kwa Mafundisho Jamii ya Kanisa. Mwaka 1961, Mtakatifu Yohane XXIII katika waraka wake “Mater et Magistra” alitaja mikopo nafuu, ulinzi wa bei, na bima za aina mbili: moja kwa ajili ya mazao, nyingine kwa ajili ya wakulima na familia zao. Alisisitiza pia kwamba wakulima wenyewe wawe watendaji wakuu wa maendeleo yao, wakiungana katika vyama vya ushirika. Ndiyo kanuni ya auni: Serikali isaidie, isichukue nafasi ya mkulima.

Twapenda kumtaja Yosefu aliyejaza maghala ya Misri. Lakini tusome mbele hadi Mwanzo 47. Njaa ilipozidi, watu walitoa fedha, kisha mifugo, mwishowe mashamba yao, ili wapate chakula. Ghala liliokoa uhai, lakini ardhi ilikwenda kwa Farao. Msaada unaomfikia mkulima akiwa hana kitu tena umechelewa.

Kwa hiyo, kabla ya msimu, Jumuiya Ndogo Ndogo zialike afisa ugani na viongozi wa ushirika, zijadili bima kwa pamoja, na kila familia itenge akiba ya chakula kabla ya kuuza. Tuwaombee pia watunga sera, wawafikirie wakulima hawa kabla mvua haijakatika.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.